Kabla ya Pampu Mpya, Tazameni Kilichomo Tankini

(Mhadhara kwa mafundi, madereva na wenye magari ya dizeli, Mtwara mjini)

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Wengine habari za mchana. Naona humu kuna watu walioshanisikia nikilisema hili gereji, msibani, mpaka kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Nalisema tena, kwa sababu Jumanne limeingia gari jingine. Prado ya dizeli ya 2017, limeletwa juu ya lori kutoka Masasi, kilomita 200 kasoro kidogo, na mwenyewe ameshika karatasi ya bei ya pampu mpya ya AdBlue, kile kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli, chenye tanki lake peke yake. Nimeipima pampu, nzima. Kibovu kilikuwa ndani ya tanki, na kiliingia humo kwa ndoo.

Kifuniko cha bluu cha tanki hilo mnakijua, sitapoteza muda. Niseme tu kinachohitajika kwa maneno yanayofuata. AdBlue ni urea safi asilimia 32.5, iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini yote. Inapulizwa ndani ya bomba la ekzosi likishapata moto, inageuka amonia, na amonia ikifika kwenye masega, kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi chenye vitundu kama sega la nyuki, inakutana na noksi, zile oksidi za nitrojeni za moshi wa dizeli. Kinachotoka nyuma ni nitrojeni na mvuke wa maji. Nitrojeni ndiyo hiyo hiyo iliyojaa kwenye hewa mnayovuta hapa.

Sasa niwape habari ya mzee wa Newala. Ameniruhusu kuisimulia, jina lake nabaki nalo mimi.

Mzee huyu ni mkulima wa korosho. Msimu ule alivuna vizuri, mnada ukamkalia vizuri, akaagiza gari Japani. Gari zuri, halina kutu, kilomita chache. Likatembea miezi minne, taa ikawaka, ujumbe ukaja kwenye dashibodi kwamba AdBlue inakwisha. Pale Newala akaulizia, hakuna. Akaambiwa labda Mtwara mjini, labda Dar es Salaam. Ana mpwa wake, kijana amesoma, ana akili. Kijana akaenda kwenye intaneti, akasoma: urea asilimia 32.5, maji asilimia 67.5. Akamwambia, "Mjomba, hii si mbolea? Si ipo stoo, ile ya mahindi?"

Msimcheke. Nataka mwelewe kwamba kijana yule alifanya kazi kwa uangalifu kuliko mafundi wengi. Alichukua mzani, akapima mbolea kilo tatu na robo, maji kilo sita na robo tatu, akakoroga mpaka punje zote zikayeyuka. Akachuja kwa kipande cha kanga. Akatia. Taa ikazima! Mzee akafurahi, akampa kijana pesa ya simu.

Wiki ya tatu taa ikarudi, safari hii na hesabu ya kurudi nyuma: zimebaki kilomita kadhaa, kisha gari halitawaka. Fundi wa kwanza akasema sensa ya noksi. Ikanunuliwa. Taa haikutoka. Fundi wa pili akasema injekta, ile inayopuliza AdBlue kwenye ekzosi. Ikanunuliwa, ikakaa siku tisa. Ndipo gari likaja kwangu.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, humu mmetia nini?" Akasema AdBlue. "Mlinunua wapi?" Akanyamaza, akamtazama mpwa wake. Kijana akasema kweli, na namshukuru mpaka leo, maana wengi hawasemi.

Nikachukua refraktomita, kile kidude cha kutazamia mwangani, nikadondosha tone. Ikasoma 32. Kiwango cha kimataifa, ISO 22241, kinaruhusu kuanzia 31.8 mpaka 33.2, kwa hiyo kijana alipatia. Na hapa ndipo fundi wa haraka anapopotea, anasema kimiminika kizima, tuendelee na spea. Refraktomita inakwambia urea ni kiasi gani. Haikwambii ndani yake kuna nini kingine.

Nikavuta kidogo kwa bomba la sindano, nikatia kwenye glasi safi, glasi ya pili nikatia AdBlue ya dumu lililofungwa la kiwandani, nikaziweka dirishani usiku kucha. Asubuhi ile ya kiwandani unaona vidole vyako upande wa pili, angavu kama hakuna kitu. Ile ya mzee ilikuwa na ukungu kama maji ya mchele, na chini imetua tope laini la rangi ya majivu. Nikamwita mzee aone kwa macho yake. Akainama, akatazama muda mrefu, akasema, "Na hili ndilo lililopita kwenye gari langu?" Ndilo, mzee wangu.

Mbolea ya urea imetengenezwa kwa ajili ya shamba. Punje zake hutiwa dawa zisigandane gunia likikaa stoo, na ndani yake kuna biureti, uchafu unaozaliwa urea ikipata moto, nyingi kuliko gari linavyovumilia. Kwenye AdBlue biureti haitakiwi kuzidi asilimia 0.3. Na maji! Kijana alitumia maji ya kisima. Ninyi wenyewe mnajua maji ya visima vyetu yanavyoacha utando mweupe ndani ya birika. Ule ni chokaa. Kiwango cha AdBlue kinataka kalsiamu isizidi nusu miligramu kwa kilo moja. Nusu miligramu. Sodiamu, ambayo ndiyo chumvi yetu ya pwani, nayo nusu miligramu. Hata mngechuja kwa kanga kumi, chumvi iliyoyeyuka inapita.

Nilipoifungua injekta, ncha yake haikuonekana. Ilikuwa na gamba kama lile linaloganda kwenye sufuria ya magadi. Gamba la urea ya kawaida ukilimwagia maji ya uvuguvugu yasiyo na madini linayeyuka lenyewe, unaliona linalegea. Hili nusu yake ikayeyuka, nusu ikabaki ngumu, kijivu. Hiyo iliyobaki ndiyo kisima. Tukamwaga tanki, tukalisuuza mara tatu, tukabadilisha chujio, tukaisafisha injekta, tukatia AdBlue ya kweli. Presha ikakaa sawa. Lakini masega hayakurudi kama zamani, kwa sababu sodiamu, potasiamu na kalsiamu zikishakaa juu ya masega zinaua ile sehemu inayofanya kazi, na kuosha hakuirudishi. Baada ya majuma machache namba ya hitilafu P20EE ikatokea kwenye mashine ya kupimia: masega hayapunguzi noksi inavyotakiwa. Mzee alilipa sensa ambayo haikuwa mbovu, injekta, na mwisho masega. Kwa ajili ya madumu mawili ya AdBlue aliyoyakosa Newala.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa gari lolote lenye taa hii ni: kimetiwa nini, lini, kutoka chombo gani? Dumu lililokuwa la mafuta ya alizeti halifai. Ndoo ya bati halifai kabisa, AdBlue inakula zinki, inakula shaba. Faneli iliyotumika kwa dizeli asubuhi usiitumie hapa jioni; tone la dizeli linaelea juu kama upinde wa mvua, na mipira ya ndani ya pampu ikikutana na dizeli inavimba. Na jua! Naona madumu ya AdBlue yamepangwa nje ya maduka, barazani, mchana kutwa. Kwenye nyuzi 25 inakaa mwaka mmoja na nusu. Kwenye 35, miezi sita. Mnaponunua, someni tarehe ya kutengenezwa, kisha mwulize muuzaji dumu lilikaa wapi.

Kuna kijana pale nyuma anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema, kwa sababu nimekisikia mara mia. "Fundi, ya nini tabu yote hii? Kuna watu wa laptop wanafuta mfumo mzima, taa inazima, unasahau." Haya, tulijibu.

Mkorosho wako ukishikwa na ubwiri unga, unaukata? Unatafuta salfa, unapulizia kwa kipimo, kwa wakati wake. Ukipulizia hovyo unapoteza, usipopulizia maua yanakauka. Hakuna mtu hapa aliyewahi kuniambia kakata mkorosho kwa sababu umeugua. Lakini gari lililonunuliwa kwa pesa za huo huo mkorosho tunalipeleka kwa mtu tusiyemjua, anafuta programu ya injini na kuweka nyingine aliyoitoa kwenye gari la mtu mwingine. Nimepokea gari kama hilo. Nilipounganisha mashine yangu ya kupimia, nusu ya vipimo vilikuwa sifuri au havisomeki. Likiharibika kitu kingine sasa, injekta za dizeli tuseme, naona nini? Sioni kitu. Nafanya kazi gizani na wewe unalipa kwa saa.

Na kuna la pili, hili nalisema kwa uzito. Noksi zinaumiza mapafu. Mtoto mwenye pumu anayeuza karanga stendi pale Mkanaledi, akiwa amesimama nyuma ya magari yanayonguruma, yeye ndiye anayevuta kile ulichofuta kwenye laptop. Mtaniambia malori ya zamani yanatoa moshi mbaya zaidi. Kweli yanatoa. Yale yamezaliwa hivyo. Hili lako lilizaliwa safi, ukalichafua kwa kulipa.

Nimetumia muda mwingi hapo, na naambiwa nimebakiza dakika kumi. Twende haraka.

Mkishajiridhisha na kimiminika, ndipo msome namba, na msiishie kwenye namba. Namba P204F inasema mfumo haufanyi kazi ipasavyo, haisemi kanunue nini. Tazameni vipimo vinavyotembea: presha ya pampu, joto la ekzosi, sensa ya noksi ya mbele na ya nyuma. Gari likiwa na moto, njiani, ya mbele isome kubwa na ya nyuma ndogo. Zikilingana, ama hakuna kinachopulizwa ama masega yamekufa. Kujua ni lipi, fungueni injekta, iwekeni kwenye kikombe chenye alama, iamuruni kwa mashine ipulize, kisha linganisheni ujazo na kitabu cha gari. Kazi ya nusu saa. Inaokoa pesa ya sensa.

Soketi. Sisi ni watu wa pwani, chumvi ipo hewani, Shangani na Mikindani ndiyo zaidi. Halafu AdBlue yenyewe ikivuja inatambaa ndani ya waya, inapanda kama mafuta ya taa kwenye utambi, unaikuta kwenye soketi mbali kabisa na palipovuja. Ukiona unga mweupe au kijani kwenye pini, umepata mgonjwa wako. Fungua soketi kabla hujafungua pochi.

Hita. AdBlue inaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, kwa hiyo tangi lina hita yake. Mtwara haigandi milele, lakini hita ikifa kompyuta ya gari inalalamika vile vile, na taa inawaka. Msishangae, na msimwite mteja mwongo.

Safari fupi. Gari linalotoka Ligula mpaka sokoni na kurudi, kila siku, ekzosi haipati moto wa kutosha. Chini ya nyuzi 200 hivi mfumo haupulizi vizuri, na kinachopulizwa kinaganda kuwa mawe. Mara moja kwa wiki lipelekeni mpaka Mingoyo na kurudi, kwa mwendo wa kueleweka.

Ile hesabu ya kilomita. Magari mengi ya Ulaya yanaanza kuonya zikiwa zimebaki 2,400. Ikifika sifuri gari halizimiki njiani, linakataa kuwaka ukishalizima. Kwa hiyo kama uko Nangurukuru na imebaki kidogo, usizime ukaenda kula.

Wenye Mazda CX-5 za dizeli za 2012 mpaka 2016, ninyi hamna tanki hili kabisa. Mtu akiwauzia AdBlue anawaibia. Na yeyote aliyekosea akaitia kwenye tanki la dizeli, asiguse ufunguo, hata kuweka swichi tu asiweke, maana pampu ya dizeli itaanza kuvuta. Likokotwe.

Nilitaka kuongelea masega yanayouzwa yametumika, sitaweza, mwenyekiti ameshasimama. Refraktomita ipo hapa mezani, glasi mbili zipo, na bomba la sindano. Mlioegesha nje magari yenye kifuniko cha bluu, chukueni sampuli mniletee sasa hivi kabla ya chai. Wewe wa Prado nyeupe uliyenipigia jana usiku, anza wewe.