Dubu wa Kahawia: Kutoka Nusu Kilo Mpaka Kilo 400 na Kitu

Haya jamani, naona watu bado wanaingia, nyie mlioko mlangoni sogeeni mbele viti vipo. Leo ni dubu wa kahawia, na najua kuna mtu anajiuliza huku kwetu hatuna dubu sasa inatuhusu nini. Kweli hatuna, Afrika nzima sasa hivi haina dubu wa porini hata mmoja, waliokuwepo walikuwa kaskazini kule milima ya Atlas wakaisha karne ya 19. Ndo maana mifano yangu mingi nitaitoa Alaska, hifadhi ya Katmai, maana pale mto Brooks wameweka kamera zinarusha laivu intaneti kila kiangazi, mtu ukiwa na bando unawaona dubu walewale wanakua mwaka hadi mwaka ukiwa umejilaza zako Kigamboni.

Sasa watu wakiona lile dume kubwa wanaulizia baba yake alikuwa mkubwa kiasi gani. Mimi nawaambia ulizieni mama yake alikuwa na mafuta kiasi gani.

Dubu wanapandana mwezi wa 5 mpaka wa 7 hivi. Yai linarutubishwa vizuri tu, linagawanyika kidogo, halafu linasimama, linaelea humo kwenye mji wa mimba miezi kadhaa halijajishikiza popote. Mama yeye kazi yake ni kula, samaki, matunda, mizizi, chochote, mpaka ikifika Novemba anaingia pangoni na hapo ndo mwili unapiga hesabu, kama mafuta yapo ya kutosha yai linajishikiza mimba inaanza kweli, kama kakonda basi imeishia hapo, mwaka huo hazai. Mimi hiki kitu kinanishangaza kuliko meno na kucha zote. Na watoto wa tumbo moja wanaweza kabisa kuwa na baba tofauti, hilo nalo mlijue.

Wanazaliwa Januari au Februari, pangoni hukohuko, mara nyingi wawili au watatu. Na jinsi walivyo wadogo sasa! Mtoto mmoja ni kama gramu 400 au 500, yaani ile pakiti ya sukari ya nusu kilo, macho yamefumba, meno hana, manyoya ni kama hakuna. Mama hali, hanywi maji, hatoki kwenda haja, na bado ananyonyesha, tena maziwa mazito yenye mafuta zaidi ya asilimia 20 wakati ya ng'ombe ni kama asilimia 4. Kila tone linatoka kwenye yale mafuta ya kiangazi. Wakitoka nje Aprili au Mei watoto wana kilo kadhaa, wanakimbia, wanapanda miti, wanasumbua.

Hapo sasa ndo pagumu. Sehemu nyingine karibu nusu ya watoto hawafikishi mwaka. Njaa inaua, maji yanaua, na madume wanaua pia, kwa sababu jike akipoteza watoto anarudi kwenye joto mapema, yaani anakuwa tayari kupandwa tena. Julai 2024 pale Brooks, watoto wa jike mmoja anaitwa Grazer walisombwa na maji wakashuka kwenye maporomoko, chini walikuwa wamekaa madume, dume kubwa linaloitwa Chunk likawashambulia, mama akashuka mbio kupigana nalo lakini mtoto mmoja akafa. Watu waliona laivu kwenye kamera. Miezi michache baadaye Grazer huyohuyo akamshinda Chunk kwenye fainali ya yale mashindano ya kumpigia kura dubu aliyenenepa kuliko wote, mimi nilifurahi sana, siwezi kuficha.

Watakaopona wanafuata mama kila mahali wakiangalia anachofanya, majani gani ya kula mwanzo wa msimu, wapi pa kuchimba mizizi, wale samaki wanaoitwa samoni wakipanda mto usimame wapi. Baridi ikirudi wanaingia pangoni wote pamoja.

Kuna dada hapa anauliza mama anawaachia lini. Inategemea mahali. Katmai wengi wanakaa naye miaka 2 na nusu, wengine 3, na Sweden kuna wanaoachiwa wakiwa na mwaka 1 na nusu. Ila kule Sweden sheria inakataza kuwinda jike mwenye watoto, na watafiti wameona majike wanaokaa na watoto mwaka mmoja zaidi wamezidi kuongezeka, kwa sababu kila mwaka ukiwa na mtoto pembeni bunduki haikugusi. Siku ya kuachana hakuna kuagana, mama aliyewapigania anageuka anawafukuza, amerudi kwenye joto.

Wakati mwingine mtoto anaachwa mapema akapata bahati. 2014 palepale Brooks kulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja kaachwa peke yake, jike anaitwa Holly mwenye mtoto wake mdogo akamchukua akawalea wote wawili. Ni kitu adimu sana. Yule yatima leo ni dume kubwa, pale hifadhini wanamjua kwa namba 503.

Baada ya hapo ni ujana, na ujana wa dubu ni kukimbizwa tu, kila sehemu nzuri ya samaki ina mwenyewe. Majike wengi wanabaki karibu na eneo la mama yao, madume wanaenda mbali. Jike anaweza kuzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 4 mpaka 7 hivi, dume linaendelea kujaa mpaka miaka 8, 10 au zaidi. Dume kubwa la Katmai likifika mwisho wa msimu wa samoni linapita kilo 450, na dume la Yellowstone, hifadhi nyingine ya Marekani iliyo mbali na bahari, dubu wa aina ileile kabisa, mara nyingi halifiki hata kilo 250. Hawa wana samoni, wale hawana.

Haya, maswali, naanza na kaka mwenye kofia.