Damu Inasema Nini Baada ya Mshtuko wa Moyo

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja hapa Kaloleni. Kazi yangu ni ya maabara, na leo nataka tusome pamoja karatasi ambayo wengi mnayo nyumbani, ndani ya bahasha ya hospitali.

Mshtuko wa moyo ukitokea, mshipa unaoulisha moyo umeziba na sehemu ya msuli imekufa. Kipimo cha troponini hutuonyesha kwamba msuli umeumia. Mimi nazungumzia kinachofuata. Mwili hutuma chembe nyeupe za damu, kwanza aina iitwayo neutrofili, zikafagie kilichokufa. Kisha huja nyingine kujenga kovu, kazi ya wiki kadhaa. Bila usafi huo hakuna kupona. Lakini wafagiaji wakizidi, au wakikawia kuondoka, hubomoa hata palipokuwa pazima. Ukuta wa moyo hukonda, chumba chake hutanuka, na mgonjwa aliyetoka wodini akitembea hurudi miguu imevimba, halali bila mito mitatu.

Msukosuko huo huacha alama kwenye damu. Moja ni protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 huko New York na Tillett na Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Hutengenezwa na ini. Baada ya mshtuko hupanda ndani ya saa chache, ikafika kileleni kati ya siku ya pili na ya nne. Wale ambao hupanda sana kwao, kwa jumla, ndio wanaopata zaidi moyo kushindwa kazi, na vifo pia.

Alama ya pili mmeshailipia tayari, nayo inaniuma kwa sababu haisomwi. Iko kwenye hemogramu, ile karatasi ya hesabu ya chembe za damu. Tafuta neutrofili, tafuta limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Tuseme neutrofili ni 9 na limfosaiti 1.5: jibu ni 6. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa kati ya 1 na 3. Mwili ukiwa katika dhiki, homoni ya kotisoli huongeza neutrofili na kupunguza limfosaiti, ndiyo maana namba hii hupanda. Ikishuka siku zinavyosonga, ni habari njema. Ikikataa kushuka, daktari ana sababu ya kumwangalia mgonjwa kwa karibu zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Namba hizi hazijui moyo peke yake. Kifua kikuu huzipandisha, malaria uliyotoka nayo Kisumu, hata jino bovu. Kwa hiyo mgonjwa wa hapa kwetu akiwa na CRP ya juu, tuulize kwanza kama ana maambukizi. Na namba ya juu si hukumu ya kifo. Mtu asiwaambie hivyo.

Je, kuutuliza kwa dawa msukosuko huo wa chembe nyeupe kunasaidia? Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, wenye watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko, ulionyesha kwamba dawa ya kanakinumabu ilipunguza mishtuko mipya, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15 hivi. Ila maambukizi yaliyoua yaliongezeka, na vifo kwa jumla havikupungua. Kolkisini, dawa ya gauti, ule ugonjwa wa maungio, ilileta matumaini mwaka 2019. Utafiti mkubwa wa 2024 haukuona faida hiyo kwa waliotoka tu kupata mshtuko. Nawasihi, msijinunulie kolkisini dukani. Ikizidi huua, na mwenye figo dhaifu yumo hatarini zaidi.

Dawa alizokuandikia daktari, aspirini na statini, ile ya kushusha kolesteroli, zikiwemo, usiziache kwa sababu umepata nafuu. Karatasi usitupe, beba ya kwanza na ya mwisho kliniki, muulize daktari namba zinaelekea wapi.

Waliokuja na zao, nipo pale mezani karibu na dirisha. Mzee aliyeshika bakora, wewe ndiye uliyefika mapema; karibu, tuanze na yako.