Kabla Hujang'oa Pikapu

Jamani, habari za jioni. Niwatoe wasiwasi waliosoma tangazo pale mlangoni wakadhani leo tunauza magari. Pikapu ninayoisema ni kile kidude kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme: sumaku, na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara, ndiyo koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya, unakwenda kwenye amplifaya. Basi. Hakuna uchawi mwingine mle ndani.

Mtu huja kwangu na gitaa begani: "Fundi, nataka kubadilisha pikapu." Namuuliza, unataka sauti gani? "Nzuri." Sasa nzuri ndiyo ipi? Hata mama ntilie ukimwambia mchuzi wake una kasoro, atataka kujua ni chumvi au ni ndimu.

Nacheka, lakini mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge huo. Nilikuwa napiga mi-solo, lile gitaa la katikati kati ya solo na ridhimu, kwenye bendi ya ukumbini, gitaa la pikapu tatu za koili moja moja. Lilikuwa linavuma, taa za tyubu zikiwashwa ndiyo kabisa. Nikanunua pikapu ya kuweka karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, koili mbili zilizobanwa kwenye umbo dogo, boksi limeandikwa kiloomu 16. Ile ya zamani ilisoma 6. Nikajiambia: 16 kwa 6, hapa nimewamaliza! Nikalehemu usiku, kesho yake nikapanda jukwaani. Mvumo ulikwisha, siwezi kusema uongo, na sauti ilikuwa kubwa. Ila zile nota ndogo ndogo za mi-solo, zinazotakiwa kupenya katikati ya ridhimu na kinanda, hazikusikika. Kiongozi wa bendi akaniuliza kama amplifaya yangu nimeifunika blanketi.

Nililolijua baadaye ni hili. Ukizidisha mizunguko ya waya, pikapu inatoa umeme mwingi zaidi, lakini trebo, yaani zile sauti kali za juu, inapungua na sauti inajaa katikati. Kwa anayepiga roki kwa kukwaruza, hiyo ndiyo raha yake. Kwangu mimi ilikuwa hasara.

Na ile namba ya kiloomu, naomba tuelewane. Ile ni ukinzani wa waya, haipimi ukubwa wa sauti. Waya uliozoeleka kwenye pikapu ni wa geji 42, geji ikiwa ni kipimo cha unene wake. Chukua wa geji 43, mwembamba zaidi, uzungushe mara zile zile: mita itasoma zaidi kwa karibu robo, na mizunguko haijaongezeka hata mmoja. Ushahidi mzuri uko kwenye Telecaster, lile gitaa la kampuni ya Fender. Pikapu yake ya shingoni kwa kawaida ni ya geji 43, na mara nyingi inasoma sawa na ile ya darajani au hata kuizidi, lakini sauti yake ni ya upole. Halafu kuna joto. Shaba ikipata moto ukinzani unapanda. Pikapu iliyosoma kiloomu 8 kwenye chumba cha nyuzi joto 20 itasoma kama 8.4 hapa kwetu kwenye nyuzi joto 32. Kwa hiyo usigombane na muuza duka kwa sababu ya nukta nne. Namba hiyo itakusaidia ukilinganisha pikapu za aina moja, zenye waya na sumaku za aina ile ile.

Kuhusu mvumo. Koili ni kama antena, inadaka umeme wa majumbani, ambao kwetu unapiga mara 50 kwa sekunde. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliombea hataza pikapu ya koili mbili: moja imegeuzwa waya na sumaku, kiasi kwamba mvumo unajifuta na sauti ya uzi inabaki. Ndiyo tunayoiita hambaka. Lakini kabla hujaikimbilia, chungulia ndani ya gitaa. Mara nyingi kinachovuma ni waya wa athi uliokatika, na dawa yake ni lehemu ya dakika mbili.

Sumaku nitaipitia haraka. Alniko ni chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti. Alniko 2 sauti yake ni laini, alniko 5 sauti yake ina nguvu na inang'aa. Sumaku za seramiki ni kali na bei yake ni nafuu, na si kweli kwamba zote ni mbaya.

Vipimo sasa, maana hapa ndipo pesa zinapotea. Pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, pale pikapu inapokaa. Magitaa ya mtindo wa Gibson huwa karibu milimita 50, ya mtindo wa Fender 52 au 53 darajani. Pima pia tundu lenyewe. Hambaka kamili haiingii kwenye tundu la koili moja bila patasi. Ukihamia hambaka, angalia na nobu za volyumu: koili moja hupendelea kiloomu 250, hambaka 500. Ukiacha za 250, utailaumu pikapu kuwa nzito, kumbe nobu ndiyo inayokula trebo. Na ukichanganya pikapu za makampuni mawili, zikipigwa pamoja sauti inaweza kuwa nyembamba, ya puani. Hapo moja imepishana na mwenzake, moja ikisukuma nyingine inavuta. Badilishana nyaya zake mbili, ila kama kifuniko chake cha chuma kimeungwa na waya mmojawapo, kitenganishe kwanza.

Lakini haya yote yaje baada ya bisibisi, ya kupandisha na kushusha pikapu uliyonayo. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kile kichuma cha mwisho cha shingoni, pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Anza na milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba, 2.5 upande wa nene, halafu sikiliza, shusha, sikiliza tena. Koili moja zikikaribia mno, sumaku inavuta uzi, nota za juu zinayumba kama hujatyuni. Nimeona watu wakinunua pikapu mpya kwa ugonjwa huo.

Kijana mwenye gitaa jekundu, uliyesema lako halina trebo, njoo mbele. Usiogope, silehemu chochote. Chomeka waya wako, wenzetu wazime feni kidogo. Piga uzi wa sita. Haya, shika bisibisi, zungusha mwenyewe, nusu mzunguko. Piga tena.