Vocha, logibuku na laki nane: kwa wanaokwenda fildi ya uhasibu

Walionizidi umri humu ndani, shikamooni. Ninyi mnaoanza fildi, yaani mafunzo ya kazi ofisini, Jumatatu, sogeeni mbele, viti vipo.

Mambo ya tai na kujiamini mtaambiwa na wengine. Mimi leo nina karatasi tu. Ofisi ya uhasibu ni karatasi, hata pale nusu yake ilipohamia kwenye kompyuta, na lalamiko la wanaorudi fildi kila mwaka ni lilelile: "Wiki nane nzima nimefaili vocha." Anayesema hivyo alikabidhiwa kazi bora kuliko zote pale ofisini, akaimaliza bila kuisoma.

Tuifungue vocha moja, yaani hati ya malipo na karatasi zilizobanwa nyuma yake. Kampuni iliyosajiliwa VAT imenunua rimu 80 za karatasi, kila rimu shilingi 12,500. Hiyo ni 1,000,000. Weka VAT ya asilimia 18, inakuwa 1,180,000. Nyuma ya hati ya malipo zimebanwa ombi la idara, LPO (hati ya kuagizia mzigo kwa muuzaji), hati ya kupokelea mzigo, ankara ya muuzaji na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi). Anayefaili tu hutazama namba ya vocha, akaipachika kwenye boksi faili, basi. Wewe anza kusoma kutoka nyuma. LPO ina rimu 80. Hati ya kupokelea, yenye saini ya mtunza stoo, ina 76. Ankara ina 80, na benki imelipa 80. Rimu nne pamoja na VAT yake ni shilingi 59,000 zilizolipiwa hewa, au kuna hati ya pili ya mzigo ambayo haijabanwa hapo.

Kisha tarehe. LPO ya tarehe 14 na ankara ya tarehe 9 maana yake mzigo ulinunuliwa kwanza, karatasi zikatengenezwa baadaye. Mkaguzi akikuta hivyo mara tatu kwenye boksi moja, ataomba maboksi yote. Risiti ya EFD nayo isomwe: jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya mnunuzi, tarehe, kiasi. Ile namba ya uhakiki iliyochapwa chini mtu anaweza kuiingiza kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, akaona kama risiti ni halali. Risiti yenye jina la kampuni nyingine haisaidii kitu siku ya kudai VAT ya manunuzi, hata kama kiasi ni kilekile.

Umeona kasoro, sasa ufanyeje? Hapa ndipo wengi huharibu. Usiandike chochote juu ya hati, hata kwa penseli. Usiitangaze kutoka meza moja hadi nyingine, maana aliyeandaa vocha hiyo amekaa hatua tatu kutoka ulipo, na pengine ndiye atakayekujazia alama. Iandike kwenye daftari lako, kisha mwendee msimamizi na swali: "Kaka, vocha 0412 LPO ina 80, hati ya kupokelea ina 76. Kuna hati nyingine ya mzigo uliobaki?" Mara nyingi ipo, ililetwa kesho yake, ikabaki stoo. Ukiuliza hivyo hujamtuhumu mtu, na hati inatafutwa siku hiyohiyo.

Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, nao mtapewa, kwa sababu hakuna anayeupenda. Anza na vitu vilivyobaki mwezi uliopita kabla hujagusa mwezi huu. Asiyeanza hapo hutafuta siku mbili hundi ambayo tayari iko kwenye orodha ya zamani. Weka alama kila muamala unaofanana kwenye daftari la fedha na taarifa ya benki. Kitakachobaki bila alama ndicho kazi yako: hundi ambazo hazijafika benki, makato ya benki ambayo daftari halikuyajua, pesa ya mteja iliyoingia bila jina. Tofauti ikigoma kuisha, igawe kwa 9. Ikigawanyika kamili, huenda mtu amepindua tarakimu, kaandika 45,000 badala ya 54,000. Haigawanyiki? Chukua nusu yake uitafute. Huenda kiasi hicho kimeingizwa upande usio wake. Jambo la kutofanya kabisa ni kuibandika tofauti kwenye "makato ya benki" ili ripoti itoke Ijumaa. Mwezi unaofuata itarudi, na mwenzake.

Mawili ya haraka. Usitumie nywila ya msimamizi hata akikupa mwenyewe kwa nia njema: kosa lako litaandikwa kwa jina lake, na lake linaweza kuandikwa kwako. Na karatasi ya mishahara haipigwi picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, mshahara wa mtu ukifika kwenye kundi la WhatsApp, fildi yako imeishia hapo.

Kwa wanaokwenda serikalini, masjala, pale majalada yanapotunzwa, ndiyo moyo wa ofisi. Mama anayeitunza anajua kila jalada liko kwa nani na limekaa siku ngapi. Msalimie kabla ya kuomba kitu. Jifunzeni kwake pia jinsi dokezo, ule ujumbe mfupi wa kikazi ndani ya jalada, linavyoandikwa, na dokezo sabili, lile linaloandikwa nje ya jalada, hutumika lini, maana vyuo vinatufundisha hesabu za makundi ya kampuni na kutuacha hatujui kuandika mistari mitano kwa bosi.

Logibuku, daftari la kazi zako za kila siku za fildi, ijazwe jioni ileile. "Nilifaili nyaraka" haina maana kwa mwalimu atakayekuja kukukagua, naye huja mara moja, tena kwa haraka. Andika: "Nimelinganisha vocha 38 za Machi na taarifa ya benki, 3 hazina risiti ya EFD, nimemjulisha msimamizi." Saini na muhuri viombwe kila wiki. Ukisubiri wiki ya mwisho utaambiwa mwenye muhuri yuko safarini.

Sasa tuseme fildi imeisha, umehitimu, na kampuni imekuita. Wanasema "tutakupa laki nane." Swali la kwanza: ghafi au ya mkononi? Swali la pili: mkataba wa maandishi uko wapi? Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya ajira yaandikwe: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa, malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza na isiyopungua 28 baada ya hapo. Kipengele kinachosahaulika: aliye chini ya miezi sita kazini hawezi kutumia vifungu vya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo soma vizuri kilichoandikwa kuhusu muda wa majaribio.

Laki nane ghafi tuikokotoe. NSSF yako, mchango wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 80,000. Mwajiri naye anaweka zake. Inabaki 720,000, na hii ndiyo inayokatwa PAYE, kodi ya mshahara: 20,000, kisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, jumla 60,000. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi zinafika 540,000. Kijana aliyekwisha kuahidi kodi ya chumba akiwa na laki nane kichwani hapo huanza kukopa mwezi wa kwanza.

Toeni simu mfanye ya 1,200,000, mwenye mkopo. Juu ya milioni moja, kodi ni 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi. Jibu ni 748,000. Atakayepata 712,000 amekokotoa kodi kabla ya kuondoa NSSF. Aje hapa mbele na karatasi yake tuirudie kabla ya chai.