Nani Humpeleka Mtoto Kitengoni?

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi, Tanga

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mliofika: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie historia ya madarasa maalumu, haya ya watoto wenye ulemavu tunayoyaita vitengo. Nitaanzia Ufaransa ndipo nirudi Lushoto. Mtanivumilia, maana swali linalotusumbua shuleni kwetu, nani aamue mtoto aende kitengoni na kwa kigezo gani, liliulizwa kule kwanza.

Shule za wasioona na viziwi zilitangulia. Huko Paris, katika karne ya 18, Padri de l'Épée aliwafundisha watoto viziwi kwa alama za mikono, na katika miaka ya 1780 Valentin Haüy akafungua shule ya wasioona. Humo ndimo alimosoma Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, aliyejichoma jicho kwa msharasi akichezea zana za baba yake. Kufikia 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshaunda nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole. Kijana asiyeona ndiye aliyewapatia wenzake maandishi, na shule yake mwenyewe haikuyakubali rasmi mpaka 1854, yeye akiwa ameshafariki miaka miwili nyuma. Wataalamu huwa na haraka ya kufundisha, kujifunza wanachelewa.

Darasa maalumu ndani ya shule ya kawaida lina kisa chake. Mwaka 1882 Ufaransa ililazimisha kila mtoto asome. Madarasa yakajaa, wakaonekana watoto ambao zamani hakuna aliyewahesabu, wale wasioenda sambamba na wenzao. Mwaka 1904 serikali ikaunda tume ya kushughulikia watoto hao, na mwanasaikolojia Alfred Binet akawa mmoja wa wajumbe. Binet akauliza: tunajuaje kwamba mtoto huyu ana shida ya kujifunza? Mwalimu anaweza kumtoa darasani mtoto mtukutu kwa sababu tu amemchoka, huku mpole asiyeelewa kitu akiachwa pale pale kwa kuwa hasumbui. Mnacheka, lakini hata hapa kila mtu anamjua mtoto wa namna hiyo.

Basi mwaka 1905 Binet na daktari Théodore Simon wakatoa kipimo chao cha akili: taja vitu vilivyo pichani, rudia tarakimu, linganisha mistari miwili. Mwaka 1909 sheria ikaruhusu madarasa maalumu. Binet mwenyewe alikataa kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichopangwa kisichoongezeka, aliamini inanolewa kwa mazoezi. Lakini alifariki 1911, kipimo kikavuka bahari, na huko Marekani wengi wakakitumia kama muhuri: ukishapigwa, haufutiki.

Madhara yake yalifika mahakamani. Wazazi wa watoto weusi wa San Francisco walifungua kesi mwaka 1971, na mwaka 1979 jaji akaamua kwamba vipimo hivyo viliwapeleka watoto wao isivyo haki katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Marekani ilikuwa imepitisha sheria inayotaka kila mtoto mwenye ulemavu awe na mpango wake wa masomo, mzazi ahusishwe, na tathmini irudiwe angalau kila baada ya miaka mitatu. Hiyo tathmini ya kurudia ishikeni, nitaidai baadaye.

Sasa kwetu. Hapa yalianza makanisa. Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1963, na mwaka huo huo Walutheri wakafungua ya wasioona Irente, hapo juu Lushoto. Mtoto asiyeona wa Pangani aliyebahatika alipanda mlima akaishi bwenini. Kiziwi ilimbidi aende hadi Tabora. Wengi hawakwenda popote.

Mwaka 1977 tukaanza Elimu ya Msingi kwa Wote, na sheria ya elimu ya 1978 ikamtaka kila mtoto wa miaka saba aandikishwe. Mwaka huo huo wa 1977 Italia ilikuwa ikiyafuta madarasa maalumu, watoto wote wakae pamoja. Sisi tulikuwa bado hatuna cha kufuta! Watoto wenye ulemavu wa akili walipata darasa lao la kwanza katika shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, mwaka 1982.

Halafu likaja Azimio la Salamanca la 1994, lililotolewa na mkutano wa kimataifa huko Hispania kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, na tangu hapo wimbo ni elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao. Siupingi. Ila kumweka kiziwi kati ya watoto tisini, na mwalimu hajui lugha ya alama, ni kumfanya mtazamaji wa masomo ya wenzake. Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka vitengo vifungwe kesho. Najua wapo humu, tutabishana kwenye chai.

Ninachotaka ni utaratibu. Kabla hujaandika jina la mtoto kwenye kitengo, apimwe macho na masikio. Mtoto anayetokwa usaha sikioni tangu chekechea ataonekana mzito wa akili, kumbe hakusikii. Mzazi aitwe aelezwe, na akikataa asikilizwe sababu zake, maana yeye amekaa na mtoto miaka saba na wewe umemjua tangu Januari. Na daftari la kitengo liwe na safu ya tarehe ya kuingia, sababu, jina la aliyempeleka, na tarehe ya kumtazama upya. Hiyo ya mwisho isizidi mwaka mmoja. Wamarekani walisema mitatu, lakini darasa la kwanza mpaka la nne ni muda mrefu mno kumsubirisha mtoto aliyewekwa mahali pasipo pake.