Baa ya jangwani Birdsville: najibu lile swali la kazi na gharama

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Tangu niweke ile picha nimekaa kaunta ya Birdsville Hotel, swali ni lile lile: umefikaje huko, na kazi zipo? Leo najibu. Atakayesema najionyesha, sawa. Atakayesema nalalamika, sawa pia.

Birdsville ni kamji kadogo pembeni mwa jangwa la Simpson, magharibi mwa jimbo la Queensland, Australia, kama kilomita 1,600 kutoka Brisbane, mji mkuu wa jimbo hilo. Wakazi ni mia na kidogo tu. Hoteli ni ya mwaka 1884, imejengwa kwa mawe, na ndani ya baa zimetundikwa kofia kuukuu kila upande. Uwanja wa ndege uko ng'ambo ya barabara. Mtu anatua na kindege chake, anavuka, anaagiza bia.

Mimi nilitaka kujua kwa nini watu walijenga baa mahali pakavu namna ile. Kumbe kabla ya mwaka 1901 Australia ilikuwa makoloni mbalimbali, na mpaka wa South Australia uko jirani kabisa. Ng'ombe waliovushwa pale walilipiwa ushuru. Wachungaji wametembea majuma kadhaa vumbini, wanasimamishwa walipe: lazima wapate pa kunywa. Kuna pia magofu ya hoteli nyingine, Royal, ambayo mwaka 1923 iligeuzwa kuwa hospitali. Pale nilisimama sana. Nenda ukayaone hata kama hunywi pombe.

Sasa pesa. Bia siyo inayokumaliza, ni barabara. Kampuni moja ya kukodisha magari ilinipa mkataba unaosema nikigusa barabara ya vumbi tu, bima imekufa. Huwezi kufika Birdsville kwa gari bila vumbi! Nikaghairi, wakakata sehemu ya pesa yangu, na mpaka leo inaniuma. Nikaishia kuchangia dizeli na marafiki wenye Land Cruiser yao, na dizeli ya kule bei yake iko juu mno kuliko ya mjini. Mvua ikinyesha barabara zinafungwa, na ukipita zikiwa zimefungwa unapigwa faini.

Halafu nyumbani picha ikafika. Nikaambiwa, "Hela ya kwenda kunywa jangwani unayo, ya mchango huna." Wapendwa, mchango nilikuwa nimeshatuma. Nilibeba boksi usiku miezi mingi ndipo nikapata siku chache za kupumzika. Hilo liliniumiza kuliko lile la gari.

Kuhusu kazi. Wahudumu wengi wa baa za huko ndani ni vijana wa Ulaya na kwingineko wenye viza ya likizo na kazi, namba 417 au 462. Tanzania haimo kwenye orodha hizo, Kenya nayo haimo. Akitokea wakala anakuuzia hiyo viza kwa pasipoti yako ya Tanzania, shika pesa yako. Viza ya mwanafunzi, tangu Julai 2025, ada yake ya maombi ni dola 2,000 za Australia, na wakati wa masomo unaruhusiwa kazi saa 48 kwa wiki mbili. Chuo chako kiko mjini. Utahudumia saa ngapi baa iliyo kilomita 1,600? Na Queensland huwezi kumimina bia ya biashara bila cheti cha mafunzo ya uuzaji pombe. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi. Mwenzangu mwenye karatasi tofauti, hesabu yake ni tofauti.

Mkienda kutembea, nendeni katikati ya mwaka. Desemba 1972 joto la pale lilifika nyuzi 49.5. Septemba kuna mbio za farasi, mji unafurika wageni maelfu, na kitanda utakisikia kwa wenzako. Mimi umati siupendi, ila najua wapo kati yenu watakaoutaka.