Sindano ya Kila Wiki 12

MAMA ANETH: Karibuni tena, tuko Moshi. Baba Joyce, shikamoo.

BABA JOYCE: Marahaba, mama. Mlima umeuona leo?

MAMA ANETH: Umejifunika.

BABA JOYCE: Mimi nimeuona alfajiri, dakika tano hivi. Joto la hii sindano yangu ya kansa liliniamsha. Saa nane unatupa blanketi, saa tisa unalitafuta. Mama Joyce anacheka tu: “Sasa umejua nilivyoteseka nilipokoma hedhi.”

MAMA ANETH: (anacheka) Kwa wasikilizaji wapya, mwenzangu ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Mwaka wa saba huu.

BABA JOYCE: Nilienda hospitali ya KCMC kwa ajili ya mgongo. Nilidhani ni mikungu ya ndizi, maana nilikuwa nabeba mwenyewe. Kumbe.

MAMA ANETH: Eleza hiyo sindano. Kuna watu wanadhani inaua kansa.

BABA JOYCE: Haiui, inainyima chakula. Kansa hii inastawi kwa homoni ya kiume, testosteroni, na nyingi inatoka kwenye korodani. Charles Huggins, huko Chicago, alilionyesha hilo mwaka 1941, akapewa Nobel 1966. Ila yeye alikuwa anaziondoa korodani zenyewe.

MAMA ANETH: Na hata leo upasuaji huo upo.

BABA JOYCE: Upo, nami niliambiwa nichague: kisu mara moja, au sindano kila wiki 12. Kisu ni nafuu, huhesabu tarehe, hukimbizani na dawa. Nikachagua sindano. Kiburi tu, mama. Mwanaume wa Kibosho, siku nikifa wanioshe waone pengo?

MAMA ANETH: Lo!

BABA JOYCE: Basi sindano ikafanya kazi ileile. Hamu ikakauka, matiti yakajaa, tumbo likatoka. Nilikuwa nalinda mfuko mtupu.

MAMA ANETH: Na nyumbani?

BABA JOYCE: Mwaka wa kwanza nilimkwepa mke wangu. Nakaa sebuleni na redio mpaka asinzie. Usiku mmoja akaja akaizima. “Baba Joyce, nina miaka 64. Unadhani nakusubiria nini huko chumbani? Miguu yangu ina baridi.” Nikaenda kulala.

MAMA ANETH: Kipimo cha PSA je, kile cha damu cha kufuatilia kansa ya tezi dume?

BABA JOYCE: Kilishuka vizuri, mwaka wa nne kikaanza kupanda. Kansa inajifunza kuishi na homoni kidogo. Nikaongezewa vidonge vya abirateroni, vya kuzuia mwili usitengeneze hata hiyo homoni kidogo. Vinamezwa tumbo likiwa tupu, na pamoja navyo natumia predinisoloni, dawa ya steroidi.

MAMA ANETH: Sindano ukaacha?

BABA JOYCE: Hapana! Hapo wengi wanateleza. Inaendelea palepale.

MAMA ANETH: Niongeze hili, hasa kwa mwenye kansa iliyofika kwenye mifupa. Miguu ikilegea, ikafa ganzi, au mkojo ukagoma, usingoje kliniki ya Jumatatu. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na ukichelewa miguu inaweza isirudi.

BABA JOYCE: Usiku huohuo uende. Hata kama unaona aibu kumwamsha jirani mwenye gari.

MAMA ANETH: Sindano ijayo lini?

BABA JOYCE: Tarehe 27 Desemba. Wachaga wote wamerudi nyumbani, daladala hazishikiki. Kijana wangu wa Dar anauliza alete mbuzi wa ukubwa gani. Nimemwambia alete gari.